Kabla hujalipia karate au ndondi, kutana na Jigoro Kano

Umeshuka kwenye matatu saa moja na nusu usiku. Taa za barabarani ni zile za kawaida: moja inawaka, tatu zimekufa. Miguu imechoka, kwa hivyo unaamua kupita njia ya mkato nyuma ya vibanda. Ghafla mkono unatoka nyuma na kukuzunguka shingo. Kabla hujamaliza kushtuka simu imeenda, pochi imeenda, nawe uko chini unatafuta pumzi. Ngeta hiyo. Kama haijakupata wewe, imempata mtu unayemjua.

Kesho yake unawasimulia mabeshte, na kila mmoja ana dawa yake. Wa kwanza anakwambia ujiunge na karate. Wa pili anasema karate ni ya sinema, nenda ndondi. Wa tatu, ambaye hajawahi kuvua viatu kuingia dojo lakini ametazama video zote, anaapa kwamba bila jiu-jitsu ya Brazili wewe ni wa kuibiwa tu. Wa nne anakuuliza ulikuwa unatafuta nini gizani nyuma ya vibanda. Tuseme ukweli, huyo wa nne ana hoja. Tutamrudia.

Lakini kabla hujatoa ada ya mwezi wa kwanza na kununua ile nguo nyeupe, tulia kidogo nikupe stori ya kijana aliyekuwa na shida kama yako, huko Tokyo, karibu miaka 150 iliyopita. Jina lake Jigoro Kano. Hata kama hulijui jina, kazi yake umeiona. Kila ukiona mtu amefunga mkanda mweusi kiunoni, huyo jamaa yuko pale.

Mono wa Tokyo

Kano alizaliwa Desemba 1860 huko Mikage, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Kobe, Japani. Ukoo wa mama yake ulisifika kwa kutengeneza sake, pombe ya mchele. Mama alifariki Kano akiwa bado mtoto, na baba yake, aliyekuwa na kazi serikalini, akamchukua kuishi Tokyo.

Japani ya wakati huo ilikuwa imegeuka juu chini. Utawala wa zamani ulikuwa umeanguka mwaka 1868. Samurai, wale wapiganaji wa upanga, walikuwa wamepoteza kazi na heshima, na mwaka 1876 serikali ikawakataza kubeba panga zao hadharani. Kila mzazi mwenye uwezo alitaka mwanawe ajue Kiingereza, hesabu na sayansi. Mambo ya kupigana yalionekana ushamba.

Baba Kano naye alimpeleka mwanawe shule ya bweni yenye walimu wa kigeni. Darasani kijana alikuwa moto. Shida ilikuwa nje ya darasa. Hata alipokuwa mtu mzima Kano alisimama kama sentimita 157 tu, na wakati huo hakuwa amefika hata kilo 50. Wenzake walikuwa wakubwa, na walimwonyesha.

Kama umewahi kuwa mono kwenye shule ya bweni, sina haja ya kukueleza. Unajua kuamshwa usiku. Unajua kutumwa maji na kupigwa makofi bila sababu. Unajua zaidi ile aibu ya kukosa la kufanya, ambayo hukaa mwilini hata baada ya uvimbe kupona. Kano aliijua aibu hiyo.

Alikuwa amesikia habari za jujutsu, mbinu za kale za mapigano ya mikono mitupu ambazo, ilisemekana, zilimwezesha mtu mdogo kumwangusha mkubwa. Akamwomba mtu mmoja aliyekuwa akizuru kwao amfundishe. Akakataa. Akamwomba mwingine, akakataa. Akamwomba wa tatu, hali ikawa ile ile. Wote walimwona kijana wa shule anayetafuta kitu kilichopitwa na wakati. Baba yake naye hakuona faida yoyote.

Kwa hivyo ukienda nyumbani useme unataka kujifunza judo halafu mzazi akuulize kama hiyo italipa kodi ya nyumba, usivunjike moyo. Hata mwanzilishi wa judo aliulizwa maswali hayo.

Kumtafuta mwalimu kwa waunga mifupa

Mwaka 1877 Kano alijiunga na Chuo Kikuu cha Tokyo. Sasa alikuwa na uhuru kidogo, akaanza kutafuta mwalimu mwenyewe. Alitafuta kwa akili. Alijua kwamba walimu wengi wa jujutsu walikuwa wamekosa wanafunzi na sasa walijipatia riziki kwa kuunga mifupa iliyovunjika na kuchua viungo vilivyoteguka. Ukweli ni kwamba mtu aliyezoea kuutegua mkono anajua pia kuurudisha. Basi Kano akawa anapita mjini akisoma vibao, na kila alipoona mwunga mifupa aliingia na kuuliza kama anajua jujutsu.

Wengi walimfukuza. Mmoja, mzee Yagi Teinosuke, akamwelekeza kwa Fukuda Hachinosuke, mwunga mifupa mwingine aliyefundisha katika chumba kidogo chenye mikeka michache na wanafunzi wa kuhesabu.

Fukuda hakuwa mtu wa maelezo. Inasimuliwa kwamba siku moja Kano alimuuliza mbinu fulani ya kuangusha inafanyika vipi, mguu uende wapi na mkono ushike wapi. Mzee akamwangusha. Kano akainuka, akauliza tena. Mzee akamwangusha tena. Ikaendelea hivyo mpaka maswali yakaisha. Kijana alirudi nyumbani na michubuko, mwili ukinuka dawa ya kuchua, wenzake wakimcheka. Kesho yake akarudi.

Hebu simama hapo. Kuna kitu Fukuda alikuwa anakifundisha bila kukitamka. Kuanguka, kuinuka na kushikwa na mtu asiyekuhurumia haviwezi kusomwa kwenye kitabu, wala leo haviwezi kusomwa kwenye simu. Mwili una darasa lake.

Jitu lisiloangushika

Katika chumba kile alikuwamo mwanafunzi mmoja mkubwa na mwenye nguvu, jina lake Fukushima Kanekichi. Kila walipokutana, Kano alikwenda chini. Mbinu zote alizofundishwa ziligonga mwamba. Hiyo ndiyo hofu yako pia, sivyo? Kwamba utajifunza mwaka mzima, halafu siku ya siku ukutane na njemba ya kilo 100 na yote uliyojifunza yaishie hapo.

Kano hakujiambia kwamba hajapata mbinu ya siri. Alikwenda kutafuta kwingine. Kwanza aliomba mbinu za sumo, mieleka ya Kijapani. Hazikutosha. Ndipo akaenda maktaba, msomi yule, akachimba vitabu vya kigeni mpaka akakuta maelezo ya mieleka ya nchi za Magharibi. Pale aliona mbinu ya kuingia chini ya mpinzani, kumbeba mabegani kama mtu anavyobeba gunia la viazi, kisha kumtupa upande wa pili. Akaifanyia mazoezi na marafiki mpaka ikakaa. Alipomwendea Fukushima tena, jitu lilipaa na kutua chini. Baadaye mbinu hiyo iliingia katika judo kwa jina la kata guruma, na bado inafundishwa.

Mabeshte wako wanabishana ni mchezo gani bora kana kwamba ni Gor na Ingwe. Kijana wa Tokyo hakuwa na timu. Alikuwa na tatizo moja lililomtupa chini kila siku, na suluhisho lililotoka kitabu cha Wazungu lilikuwa sawa tu na lililotoka kwa babu yake.

Siri iliyo ndani ya matatu

Mwaka 1879 rais wa zamani wa Marekani, Ulysses Grant, aliitembelea Japani, na Kano alikuwa mmoja wa waliomwonyesha jujutsu. Siku chache baadaye mwalimu Fukuda akafariki. Kano, akiwa na miaka 18, akajikuta amekabidhiwa maandishi ya siri ya mwalimu wake. Akahamia kwa mwalimu mwingine wa shule hiyo hiyo ya jujutsu, mzee Iso, ambaye naye alifariki mwaka 1881. Ndipo akamwendea Iikubo Tsunetoshi, wa shule tofauti kabisa iliyoitwa Kito.

Tofauti ilimfungua macho. Kwa Fukuda na Iso alikuwa amejifunza zaidi kukaba, kubana viungo na kupiga sehemu nyeti. Iikubo alikuwa bingwa wa kurusha. Kila shule ilikuwa na kipande chake cha ukweli, na kila moja iliamini imeshika chote.

Siku moja, wakipimana nguvu, Kano akamwangusha Iikubo. Akamwangusha tena, na tena. Mwalimu alishangaa. Kano alikuwa amegundua kitu ambacho leo ni msingi wa judo yote: usijaribu kumwangusha mtu aliyesimama imara. Mvuruge mizani kwanza, halafu mwangushe.

Wewe unaijua siri hiyo tayari. Umesimama ndani ya matatu iliyojaa, na mbele yako kuna baba mmoja mnene ambaye watu watatu hawawezi kumsukuma. Dereva anakanyaga breki. Huyo baba anaruka kama karatasi na kutua mapajani mwa mama wa watu. Nguvu zake hazijapungua hata chembe. Kilichoondoka ni mizani yake. Kano alitaka mtu mdogo awe ndiye breki. Akisukumwa hasukumani, bali humvuta mwenzake kule kule anakoelekea, kisha anaweka mguu au nyonga njiani. Kuanzia hapo uzito wa mkubwa unafanya kazi kwa ajili ya mdogo.

Nguvu kidogo, mahali panapofaa, wakati unaofaa. Kano aliishika kanuni hiyo maisha yake yote.

Mikeka 12 hekaluni

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21 na kazi mpya ya ualimu, Kano alikodi nafasi katika hekalu la Eisho-ji jijini Tokyo. Akatandika mikeka 12. Mwaka huo wa kwanza aliandikisha wanafunzi 9. Akaliita darasa lake Kodokan, nyumba ya kujifunzia njia, na alichofundisha akakiita judo. Wanafunzi walianguka kwa kishindo mpaka vibao vya kumbukumbu za wafu vikatikisika, na makasisi wakalalamika.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la swali lako.

Jujutsu ya zamani ilikuwa na mbinu za kutisha: kuchoma macho vidole, kuvunja vidole, kupiga koo. Ukizisikia unadhani ndizo za kumkomesha mwizi. Lakini jiulize, utamfanyia nani mazoezi? Ukimchoma rafiki yako macho leo, kesho huna rafiki wa kufanya naye mazoezi. Kwa hivyo mbinu hizo zilifanywa kwa mwigo, mmoja akishambulia kwa utaratibu uliopangwa na mwingine akijibu kwa utaratibu uliopangwa. Ilipendeza kutazama. Ila anayefanya hivyo miaka kumi hajawahi hata siku moja kukutana na mtu anayekataa kuangushwa.

Kano aliweka mbinu za hatari pembeni, zibaki katika mazoezi ya kupangwa. Zilizobaki, yaani kurusha, kubana chini, kukaba na kukunja kiwiko, akaruhusu zifanywe kwa nguvu zote, dhidi ya mwenzako anayekataa kwa nguvu zote. Anayezidiwa anapiga mkeka kwa kiganja na anaachiliwa papo hapo. Kesho nyote mko wazima na mnarudia. Zoezi hilo linaitwa randori, na ndilo moyo wa judo.

Kwa macho ya wengi, Kano alikuwa ameing'oa jujutsu meno. Lakini katika miaka hiyo ya 1880 vijana wake walikutanishwa na wanafunzi wa shule za zamani katika mashindano chini ya polisi wa Tokyo, na wakaibuka na ushindi mwingi. Mmoja wa nyota wao, Saigo Shiro, alikuwa mfupi kama mwalimu wake. Polisi wakaanza kuchukua walimu wa judo.

Ukitafakari utaona haikuwa bahati. Mwenye mbinu 10 alizozifanya mara elfu kwa mtu anayepinga, ana 10. Mwenye mbinu 100 za mauti alizozifanya hewani, hajui ana ngapi. Atajua siku ya ngeta, na siku hiyo si siku ya kujua.

Ukoo mmoja, majina tofauti

Sasa tuurudie ugomvi wa mabeshte wako. Kano ndiye aliyeanza kuwapanga wanafunzi kwa madaraja ya dan, na mkanda mweusi ukawa alama ya waliofika huko. Mwaka 1922 alimkaribisha Kodokan mwalimu mmoja kutoka Okinawa, Gichin Funakoshi, aje aonyeshe karate. Karate ilipoenea Japani, ikachukua vazi jeupe na mikanda kwa mfano wa judo. Taekwondo ya Korea nayo ikafuata na mikanda yake.

Na ile jiu-jitsu ya Brazili? Mwanafunzi wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alizunguka dunia akipambana na wanamieleka wa kila aina, akafika Brazili mwaka 1914. Huko alimfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Mengine umeyaona kwenye simu yako.

Kwa hivyo rafiki wa karate na rafiki wa jiu-jitsu wanagombana ndani ya ukoo mmoja. Wa ndondi yuko nje ya ukoo huo, lakini ndondi inapita mtihani wa Kano vizuri kabisa, kwa sababu siku ya kupimana mwenzako anakurudishia konde kweli. Robert Wangila hakupata dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988 kwa kupiga hewa.

Dada, hii inakuhusu

Kano alianza kufundisha wanawake miaka ya 1890, na mwaka 1926 Kodokan ikafungua rasmi idara yao. Hakuwa malaika wa usawa. Wanawake walifundishwa peke yao, kwa upole zaidi, na kwa miaka mingi baada ya kifo chake sheria za Kodokan ziliwazuia kupita dan ya 5.

Mmoja aliyeingia darasa hilo mwaka 1935 alikuwa Keiko Fukuda, mjukuu wa yule mwunga mifupa aliyemwangusha Kano badala ya kumjibu. Alikuwa mfupi hata kuliko Kano. Sheria ile ilimweka dan ya 5 miaka na mikaka. Hakuacha. Alihamia Marekani, akafundisha wanawake, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha Marekani kikampa dan ya 10. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika huko kabla yake.

Basi akikwambia mtu kwamba wewe ni mdogo mno kwa mambo haya, unajua watu wawili wa kumtajia.

Mkono chini ya kichwa

Kano hakuanzisha chuo cha kulipiza kisasi, ingawa alianza safari akitaka tu asionewe. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba ujanani alikuwa mwepesi wa hasira, na kwamba kadiri mwili ulivyopata uwezo, hasira ilipungua. Fikiria hilo kidogo. Mara nyingi anayetaka ugomvi ni yule anayeogopa bado.

Iko hadithi ya safari yake ya kurudi nyumbani kutoka Ulaya mwaka 1891. Melini alikuwamo ofisa mmoja Mrusi, mtu wa miraba minne, aliyetaka kupimana nguvu na Mjapani mdogo. Kano alimrusha. Lakini Mrusi alipokuwa angani, kichwa kikielekea sakafu ya meli, Kano alimkinga kwa mkono ili asiumie. Mashabiki walishangilia kuangushwa kwake. Mimi naona ufundi mkubwa ulikuwa ule mkono.

Unajua kwa nini nakwambia hili. Unajua mtaani kinachotokea mwizi akishikwa. Mtu anapiga mayowe, umati unafika, mawe yanaokotwa, na kuna anayeuliza tairi iko wapi. Pengine aliye chini ni kijana wa miaka 16. Ukijifunza kupigana vizuri, siku moja unaweza kuwa ndiye uliyemshika. Sheria inakuruhusu kujitetea kwa kiasi cha hatari iliyokukabili. Haikuruhusu kuwa jaji na jela. Mtu anayejua kumbana mwenzake chini bila kumvunja ana chaguo. Asiyejua lolote ana jiwe tu.

Kano aliishi kama mwalimu kuliko mpiganaji. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha walimu jijini Tokyo. Mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1912 akaongoza kikosi cha kwanza cha Japani kwenda Stockholm, wanariadha wawili tu. Machi 1938, akiwa na miaka 77, alifika hapa kwetu Afrika, jijini Kairo, kwa kikao cha Olimpiki, kuitetea nafasi ya Tokyo kuandaa michezo ya 1940. Akiwa njiani kurudi, tarehe 4 Mei 1938, alifariki ndani ya meli ya Hikawa Maru kwa homa ya mapafu, siku mbili tu kabla ya kutia nanga Yokohama. Michezo hiyo haikufanyika, vita viliimeza. Tokyo ilipoandaa Olimpiki hatimaye, mwaka 1964, judo ilikuwamo.

Sasa, wewe unachagua nini?

Jina lililo kwenye kibao cha mlangoni lisikusumbue sana. Nenda ukumbi wa jamii au jimu iliyo karibu nawe, kaa kwenye benchi, tazama darasa zima kabla hujatoa hata shilingi. Halafu jiulize maswali ambayo Kano angekuuliza.

Kuna wakati darasani ambapo mwenzako anapinga kweli? Kama kila shambulio limepangwa na kila mtu anaanguka akiguswa tu, hiyo ni densi. Densi ni nzuri, lakini isikudanganye.

Watu wanatoka wazima? Kocha anayejisifia waliovunjwa mbavu atakupa jeraha kabla ya mwizi. Watazame pia wadogo wa mwili na wasichana. Kama hao wanadumu na kusonga mbele, mwalimu anajua kazi.

Wanafundisha kuanguka? Usicheke. Katika judo ndilo somo la kwanza. Uwezekano wa wewe kuanguka kutoka boda boda mwaka huu ni mkubwa kuliko wa kupigana na majambazi.

Na mwisho, utaweza kwenda? Dojo bora la upande wa pili wa mji, nauli ikikushinda kila wiki ya pili, halikufai kitu. Darasa la wastani unalohudhuria mara tatu kwa wiki litakujenga.

Kuhusu ngeta yenyewe nisikudanganye. Ukikabwa vizuri kutoka nyuma, una sekunde chache tu kabla ya giza. Hakuna mchezo unaoifanya hali hiyo kuwa rahisi. Lakini mtu aliyekabwa mara mia mkekani, akajifunza kushusha kidevu, kuushika ule mkono na kutopoteza akili, hashtuki kama wewe ulivyoshtuka. Na kama kuna kisu, bunduki, au wako watatu, toa simu. Nambari utairudisha, picha nyingine utapiga. Mwalimu yeyote anayekuahidi kwamba utapokonya kisu kwa mikono mitupu, muage kwa heshima.

Hapo ndipo anaporudi rafiki wa nne, yule aliyekuuliza ulifuata nini nyuma ya vibanda. Kutumia nguvu kidogo mahali panapofaa ni pamoja na kuzunguka kwa barabara yenye watu, kuweka simu mfukoni kabla ya kushuka, na kukimbia mapema bila aibu.

Lakini nenda mkekani pia. Jioni ya kwanza utarushwa na mtu mdogo kuliko wewe, utalala chali ukitazama dari, kifua kikidunda. Atakunyoshea mkono uinuke. Ushike.